Mume kahamishiwa Nachingwea, natoka Dar na watoto watatu. Mliopita njia hii naomba ushauri

#1 Mama Watatu

Habari za jioni wanajamvi, shikamooni wakubwa.

Mume wangu ni askari wa JWTZ. Wiki iliyopita amerudi nyumbani na habari ya uhamisho, anatoka hapa Dar anakwenda Nachingwea, mkoa wa Lindi. Anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mimi nimezaliwa Temeke na nimekulia Temeke, kijijini huwa nakwenda kuzika na kurudi. Ni fundi cherehani, nina vyerehani viwili na wateja niliowahangaikia miaka sita.

Watoto ni watatu. Wa kwanza yuko darasa la nne na wa pili darasa la pili, wote shule ya Kiingereza ya kulipia. Huyo wa pili ana pumu. Wa mwisho ana mwaka na nusu.

Kota za kambini tumeambiwa zimejaa, kwa hiyo tutaanza kwa kupanga uraiani. Mama yangu anataka nibaki Dar na wajukuu wake, mume aende, awe anakuja likizo. Wifi yangu anasema nikimwacha aende peke yake nimemgawa. Kichwa kimejaa, usiku silali.

Naomba kujua: maisha ya kule yakoje kwa mtu aliyezoea mjini? Watoto na shule inakuwaje? Na mtoto wa pumu nimpeleke? Hasa nawaomba wake wenzangu wa wanajeshi mniambie ukweli, hata kama ni mchungu. Natanguliza shukrani.

#2 Kijana wa Mbagala

Nenda na mumeo dada. Baba yangu alikuwa anakuja likizo kama wanavyokushauri. Nilimjua nikiwa na miaka 15 alipostaafu, na mpaka leo tukikaa wawili hatuna cha kuongea.

#3 Mke wa Afande

Mdogo wangu, pole na hongera. Mimi nimeolewa na mwanajeshi, mwaka wa 19 huu. Nimehama naye Tabora, Kasulu, Nachingwea, sasa tuko Dar. Nachingwea nimekaa miaka minne, 2016 hadi 2020, kwa hiyo hapa sikuletei ya kusikia.

La kwanza nitakalokwambia halihusu maji wala umeme. Ukifika, fungua mizigo yote, na uifungue wiki ya kwanza.

Kasulu nilikaa miezi minane maboksi yamepangwa ukutani. Nilijiambia hapa tunapita, watatuhamisha tena, ya nini kujichosha? Mapazia sikutundika, nilipigilia kanga mbili dirishani kwa misumari. Wageni niliwapa maji kwenye vikombe vya plastiki na glasi za harusi yangu ziko pale pale nyuma ya kiti, zimefungwa kwenye magazeti ya Tabora. Siku moja jirani yangu, mama wa Kiha, akaniletea mchicha wa shambani kwake. Akayatazama yale maboksi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, mnaondoka lini?" Nikamjibu mbona hatuondoki. Akasema, "Kumbe. Nilikuwa nakuletea mboga tu, mbegu sikukuletea kwa sababu nilijua hutasubiri ziote."

Nililia alipotoka. Miezi minane watu walikuwa wananitazama kama abiria, na mimi nikawa nasema watu wa huku wagumu.

Tulipofika Nachingwea, siku ya tatu mapazia yalikuwa juu. Ya nne nilikwenda na mume kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikwa kwenye daftari la wakazi, tukapita nyumba za jirani moja moja kusalimia. Nikaomba mbegu za bamia kwa bibi wa nyumba ya pili. Bamia zangu hazikuwa na maana yoyote sokoni, lakini bibi yule alikuwa anakuja kuzikagua kila asubuhi.

Sasa sikiliza. Desemba 2017 mume wangu alikuwa Kongo, kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa. Usiku wa tarehe 7 kambi ya wenzetu pale Semuliki ilivamiwa, askari wetu zaidi ya 10 wakauawa. Sisi huku habari zilitufikia kwa redio na simu, bila majina. Nikampigia mume wangu, simu haipatikani. Nikampigia tena, haipatikani. Kambini walituita wake wote tukapewa taarifa kwa heshima, tukaambiwa tusubiri. Nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu. Nilikaa uani napepeta mchele, na baadaye nikagundua ungo mtupu, mchele wote uko chini na mikono bado inapepeta.

Bibi aliniona kwenye uwazi wa ua wa mianzi. Hakuniuliza kitu. Alikwenda kwake akarudi na mkeka wake kwapani, akautandika barazani kwangu akakaa. Ilipofika jioni walikuwa wanawake saba. Mmoja aliwachukua wanangu akawaogesha kwake, mwingine akapika ugali wa muhogo na mbaazi akanishikisha mkononi tonge la kwanza kama mtoto. Kumbuka huo ulikuwa msimu wa korosho, siku moja ya kuacha kuokota ni hasara kwa mtu. Walikaa na mimi siku mbili. Siku ya tatu akapiga. Alikuwa kituo kingine, mzima.

Wapo wenzangu ambao simu yao haikuja. Hapo siwezi kuandika zaidi.

Mume wako ataondoka, mdogo wangu. Kama si kozi ni lindo, kama si lindo ni mazoezi, kama si mazoezi ni misheni. Kambi itakuangalia kwa utaratibu wake, na ninaishukuru. Lakini saa nane za usiku anayekusikia ukilia ni jirani, na jirani hatengenezwi siku hiyo ya kilio.

Mengine ya haraka haraka:

Lori lipangwe kinyume. Magodoro, vyandarua, jiko, mtungi wa gesi, sufuria mbili, ndoo na taa viingie mwisho ili vitoke kwanza. Makabati yaingie mwanzo. Mkifika usiku mtanikumbuka.

Mweke akiba ya kodi na chakula cha miezi mitatu mkononi kabla ya kuondoka, msiitegemee pesa ya uhamisho kwa mambo ya wiki ya kwanza. Na kodi msilipe mwaka mzima kwa nyumba mliyoioneshwa kwa picha. Mume atangulie, alale hapo mtaani siku mbili, aulize maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na kisima kiko umbali gani.

Kuhusu kubaki Dar, mimi sikushauri. Kuendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja wa askari ni mateso, na mtoto mdogo wa umri huo atamwita baba yake mjomba.

#4 Mwera wa Nachi

Dada karibu sana kwetu. Mke wa Afande umenifanya nisimame niende nje kidogo, nitakuwa namjua huyo bibi au aliye mfano wake.

Nikutoe hofu moja. Nachingwea mjini kuna hospitali ya wilaya, benki, soko, umeme, chuo cha ualimu. Taabu inaanza ukitoka nje ya mji, na zaidi ni taabu ya maji kiangazi, hasa Septemba na Oktoba. Nyumba yenye tangi la kuvuna maji ya bati ichukue hata kama sebule yake ni ndogo.

La mtoto wa pumu nataka ulisome vizuri kwa sababu mnafika Juni. Huku ni nchi ya korosho, na kuanzia mwezi huo hadi Agosti, pengine Septemba, watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Wanapuliza alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia. Utaamka utasikia mashine inavuma, ukitazama mashambani utaona wingu la njano linakaa juu ya miti. Harufu yake inakaba koo hata la mtu mzima. Mikorosho mingine iko uani mwa nyumba, katikati ya mji.

Kwa hiyo mume akitafuta nyumba asiangalie bati na sakafu tu. Ahesabu mikorosho iliyo karibu na aulize ni ya nani. Mkiwa na jirani mwenye miti, mwambieni mapema mna mtoto wa pumu, atawaambia siku ya kupuliza, mtafunga madirisha na mtoto atachelewa kutoka. Mimi nimefanya hivyo kwa jirani yangu miaka yote, hakuna mtu wa huku atakayekataa. Nguo msiache kwenye kamba usiku. Na kabla ya kuondoka Dar mwombe daktari wake aandike barua yenye majina ya dawa na vipimo vyake, mchukue pampu zake za kutosha miezi miwili mitatu. Maduka ya dawa muhimu yapo, lakini kila dawa haipo kila siku.

Malaria nayo huku si hadithi. Chandarua kila kitanda. Mtoto akichemka mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, usimpe dawa ya kubahatisha.

Msimu wetu ni mmoja. Mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, sisi tunaita kifuku. Pesa inaingia mtaani Oktoba hadi Desemba korosho zikiuzwa mnadani. Kuanzia Januari hadi Machi mifuko imekauka na chakula kimepanda. Mtu wa biashara lazima aijue hiyo kalenda. Wewe fundi cherehani usiache mashine hata moja! Huku kuna jando na unyago, watoto wanapotoka ndani wanavalishwa nguo mpya, na mama, shangazi na bibi nao wanashona sare. Nyingi zinafanyika likizo ya Juni na ya Desemba. Fundi wa Dar mwenye mkono mzuri hatapata usingizi.

Ukifika jaribu ming'oko. Ni mizizi ya porini, wanaichemsha wanaiuza na chumvi na pilipili. Watoto wako wataipenda kuliko chipsi.

#5 Mwalimu wa Zamu

Mimi ni mwalimu wa msingi, sipo Nachingwea lakini nimepokea watoto wengi wa askari na wa watumishi wengine.

Dada, kamwone mwalimu mkuu wa shule ya sasa kesho, usisubiri. Kila mtoto ana namba ya PReM, yaani mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na uhamisho wake unafanyika kwa namba hiyo. Mtoto akifika na begi na daftari bila uhamisho uliokamilika tutampokea akae darasani, lakini kwenye mfumo atakuwa bado yuko Dar, na kwa aliye darasa la mtihani hilo ni janga.

Huyo wa darasa la nne ndiye wa kufikiria sana. Mwaka huu ana upimaji wa kitaifa na mpaka mwezi huu shule yake imeshamsajili. Mwulize mwalimu mkuu moja kwa moja: akihama sasa atafanyia wapi? Na jambo la pili, amesoma kwa Kiingereza. Shule za serikali huko mtakazopata zinafundisha kwa Kiswahili. Nimewahi kumpokea mtoto mwenye akili sana, hesabu za kugawanya anamaliza kabla ya wenzake, lakini swali likisema "tafuta kigawe kidogo cha shirika" anakaa kimya na machozi yanamlenga. Hesabu anaijua, neno ndilo hajawahi kulisikia. Akapata alama za chini, akaanza kujiona mjinga, na mzazi wake alikuwa mbali hakuliona hilo mapema.

Ushauri wangu, huyo amalizie upimaji Dar kwa bibi yake, Januari aanze la tano Nachingwea. Huyo wa la pili ahame sasa, ila kila jioni umsomeshe kwa Kiswahili, asome kwa sauti na aandike imla. Ndani ya muhula mmoja atakuwa ameshika.

Kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vikae kwenye begi lako la mkononi, visipande lori.

#6 Mama Watatu

Jamani asanteni. Nimesoma mpaka nimelia kwenye ile ya Semuliki, mume amekuja kuniuliza kuna nini, nikampa simu naye akasoma. Alikuwa na rafiki yake mmoja pale. Miaka yote hii hajawahi kuniambia.

Mwalimu, la kumwacha mkubwa linaniuma. Ana miaka 9 tu. Wengine mnasemaje?

Na nyingine, ndugu wa mume ananiambia nichukue mtaji nikanunue korosho kwa wakulima kwa bei ndogo kabla ya mnada, kwamba huko ndiko kwenye pesa. Ni kweli?

#7 Mstaafu

Binti yangu, hiyo ya mwisho naomba uikatae leo hii. Anachokwambia huyo ndugu kinaitwa kangomba. Ni kumkuta mkulima ana njaa au mtoto mgonjwa, unampa pesa kidogo au unga, msimu ukifika anakulipa korosho kwa kipimo chako. Serikali imeipiga marufuku. Korosho zinatakiwa kupita chama cha msingi cha ushirika, ziingie ghalani, ziuzwe mnadani, utaratibu wa stakabadhi ghalani ambao ulianza 2007.

Kwa mke wa askari ubaya wake unazidi. Novemba 2018 wakulima walipogomea bei za wanunuzi, Rais Magufuli alitangaza serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na sisi jeshi tukatumwa Lindi na Mtwara kuzisomba. Nilikuwepo. Tulikuwa tunapanga magunia maghalani na watu wa uhakiki wanauliza kila mtu shamba lake liko wapi, kwa sababu walijua kuna za kangomba ndani yake. Wanakijiji wanaikumbuka sare yetu kwa operesheni ile. Sasa fikiria wakuone wewe, mke wa mwenye sare ile, unamzungusha mjane kwa debe la unga. Mumeo ataharibikiwa kazini na wewe hutakuwa na jirani. Shona nguo, mwanangu. Wa huku mtu anayeshona wanamheshimu.

Mengine machache kwa kuwa mtaishi uraiani. Sare ya mumeo ifuliwe na ianikwe ndani ya ua, isionekane barabarani, na watoto wasiivae hata kofia kwa mchezo. Wasipige picha kambini wala kuzituma. Mgeni akija kulala kwenu mwenyekiti ajue. Na mumeo ajifunze jambo moja ambalo mimi nilichelewa kujifunza: akitoka getini cheo kinabaki getini. Mtaani aitwe Baba Fulani. Akiwa na ugomvi wa mpaka wa ua aende kwa balozi wa nyumba kumi kama raia mwingine, akae kwenye benchi asubiri zamu yake. Nimeona familia ya askari inaishi mtaani miaka mitatu na hakuna hata mtoto aliyekuja kucheza kwao, kwa sababu baba aliwahi kumtisha kijana mmoja sokoni siku ya kwanza.

Na safari. Ulizieni barabara siku mbili kabla. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya kusini upande wa Somanga, malori yalilala njiani siku kadhaa na mizigo ya watu. Juni kwa kawaida ni pakavu, lakini maji ya kunywa na chakula kikavu viwe ndani ya gari mnalopanda.

#8 Mtoto wa Kota

Mimi baba yangu alikuwa jeshini, nimesoma shule tano za msingi. Namheshimu sana mwalimu hapo juu, ila kwa la mtoto naomba nimpinge.

Nilipokuwa la nne waliniacha kwa shangazi Morogoro kwa sababu hii hii ya mtihani. Nilifaulu vizuri sana. Lakini walipokuja kunichukua, wadogo zangu walikuwa na nyumba yao, na mti wao wa kupanda, na rafiki zao, na maneno yao ya huko wanayochekea. Mimi nilikuwa mgeni kwa mama yangu mwenyewe. Nililala kwenye kochi mwezi mzima kwa sababu chumbani walikuwa wameshagawana vitanda. Hakuna aliyenikosea, ila mpaka leo nina miaka 41 na hilo kochi nalikumbuka lilivyokuwa linakwaruza.

Dada, kama ni lazima abaki, basi kitanda chake kiende kwenye lori. Kitandikwe huko. Wadogo zake wajue ni cha nani. Likizo ya Juni yupo, aende nanyi, alale hapo siku hizo, ndiyo arudi Dar kwa bibi. Ahame na wenzake kwanza.

Na mweleze anakokwenda. Mimi baba aliniambia "tunaenda kijijini" nikachukia kabla sijafika. Angeniambia kwamba FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao Nachingwea, na Samora Machel aliishi na kufunza askari hapo kabla ya kuwa rais, ningekwenda nikiwa nimenyoosha shingo. Mwambie pia kuhusu Waingereza waliokuja na matrekta baada ya vita vya pili kulima karanga, wakafika mpaka kujenga reli kwenda bandari ya Mtwara, na mradi ukafa 1951. Mtoto wa miaka 9 atakuuliza maswali njia nzima mpaka Nangurukuru.

#9 Mwalimu wa Zamu

Mtoto wa Kota, nakubali kukosolewa hapo. La mfumo na upimaji sibadilishi, ila la kitanda sikuwa nimelifikiria, na nimeshawashauri wazazi wengi. Asante.

#10 Mke wa Afande

Nami nimelipokea. Wa kwangu wa kwanza tulimwacha Tabora namna hiyo hiyo. Leo jioni nitampigia.

Mama Watatu, nimekumbuka mawili. Kama una mpango wa kubeba mimba nyingine huko, au jirani yako mjamzito akipatwa usiku, kuna usafiri wa dharura wa m-mama. Unapiga 115 bure, ni kwa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga. Iandike ukutani kwa maki pen. Mimi wakati wangu haikuwepo, jirani yangu tulimpeleka kwenye baiskeli.

Na mtafute mwendesha bodaboda mmoja wa kuaminika wiki ya kwanza, mjue nyumbani kwake na mke wake. Siyo namba ya simu tu, maana mtandao hukatika usiku ule ule unaouhitaji.

#11 Binti wa Songea

Mimi nilibaki mjini na ndoa yangu ipo salama, tuko mwaka wa saba hivi. Nina kazi ya ajira, kuhama kumfuata mwenza nimeomba na bado. Ukiomba mwenyewe unajigharamia, na nafasi isipokuwepo unasubiri. Nasema hivi ili wanaosoma ambao hawawezi kwenda wasidhani wamewaacha waume zao. Tunapigiana saa tatu usiku kila siku akiwa na mtandao, watoto wanamsomea daftari zao ukurasa kwa ukurasa, na yeye kule ana kalamu nyekundu anasahihisha kwenye karatasi yake. Inachosha, ila inawezekana.

#12 Mama Watatu

Binti wa Songea, hiyo ya kusomeana daftari nimeichukua kwa ajili ya mkubwa.

Tumekubaliana hivi. Mume ametangulia tangu Jumatatu. Nyumba ya kwanza aliyooneshwa ilikuwa nzuri, ina vigae, ameikataa, ina mikorosho sita nyuma ya dirisha la chumba cha watoto. Amepata nyingine ya bati la zamani, ina tangi, mkorosho mmoja tu na ni wa mwenye nyumba mwenyewe. Wateja wangu wa hapa nimemwachia msichana niliyemfundisha kazi, na cherehani kimoja, atanilipa taratibu. Kimoja nakwenda nacho. Mkubwa anakwenda nasi likizo yote, kitanda chake kinapanda lori, halafu anarudi kwa bibi mpaka amalize upimaji. Mama yangu bado amenuna, ila jana kaleta vyandarua vitatu vipya bila kusema kitu.

#13 Mama Watatu

Wanajamvi, tumefika juzi saa mbili usiku. Barabara ilikuwa salama. Magodoro na jiko vilitoka kwanza, tulikula uji tukalala.

Mapazia yapo juu. Mwenyekiti tumeshamwona. Mwenye nyumba tumemweleza habari ya pumu, akasema mkorosho wake atapuliza siku ambayo mtoto yuko shule, na wa jirani upande wa pili atakwenda kuongea naye yeye mwenyewe. Mkubwa amelala kitandani kwake siku mbili, ameandika jina lake ubavuni kwa chaki, na leo ameniuliza kama ni kweli Samora alipita barabara hii. Nimemwambia amwulize mwenye nyumba, ni mzee wa hapa. Wako nje barazani mpaka sasa hivi.

Shida niliyonayo, mkanda wa cherehani umekatika njiani. Ni cherehani cha miguu. Hapa unapatikana wapi? Na jirani ameshaleta kitambaa cha gauni la mwanawe.

#14 Mwera wa Nachi

Karibu nyumbani dada. Nenda sokoni upande wa mafundi baiskeli, uliza mkanda wa ngozi, wanaukata kwa futi, uende na ule uliokatika wapimie. Ukiukosa wataagiza Masasi, unakuja na gari la asubuhi.

Mimi nashuka mjini Alhamisi, nitakuletea mbegu za bamia.